Uongozi uamue kwanza ndipo wanachama waulizwe: je, jumuiya ya Kibuddha inaruhusu hilo?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Nimeleta uzi huu kwa sababu suala lenyewe linaumiza watu kimyakimya katika jumuiya nyingi za Kibuddha, za watawa na za walei. Viongozi wanakaa peke yao, wanaamua jambo zito, wanatia saini, halafu wanachama wanaitwa "kushauriwa" wakati wino umeshakauka. Anayehoji anaambiwa moyo wake haujatulia, amejaa kung'ang'ania, akatafakari kwanza. Mafundisho ya kuachilia yanatumika kuwafunga watu midomo.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana anijibu vizuri. Ridhaa inayotafutwa baada ya uamuzi kupita haina uhalali, na hili sijalitoa kwenye siasa wala kwenye vitabu vya utawala bora. Liliamuliwa na watawa wa kale wenyewe. Nitafika huko.

Kwanza kisa kilichonifanya niandike. Jumuiya yetu ni ya walei, tuna mtawa mmoja mkazi anayetufundisha, na bodi ya wadhamini inayoshika mali na nyaraka. Wadhamini walikubaliana na taasisi kubwa zaidi kwamba kituo chetu kiwe chini yake: utaratibu wa kukariri ubadilike, walimu wapangwe kutoka juu, hati za mali ziandikwe upya. Tulisomewa barua mwishoni mwa kikao cha kutafakari, watu bado wamekunja miguu, wengine hata macho hawajafumbua. Mwenyekiti alisoma ukurasa mmoja, akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" na mkono wake ulikuwa tayari umeshika kigongo cha kengele. Kengele ikalia. Kwetu kengele ikilia hakuna anayefungua mdomo mpaka atoke ukumbini. Muhtasari ulipobandikwa ukasomeka: "Wanachama waliafiki kwa kauli moja."

Sidai kwamba uamuzi wenyewe ni mbaya. Huenda taasisi hiyo itatufaa sana. Lakini hatukuulizwa, na ile kauli moja haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote.

Sasa tuangalie Vinaya, yaani sheria za utawa, inasemaje. Karne moja hivi baada ya Buddha kufariki, watawa wa mji wa Vesali, India, walikuwa wameanza kufuata mambo 10 ambayo wenzao hawakuyakubali. Linalokumbukwa zaidi ni la dhahabu na fedha: mtawa Yasa Kakandakaputta aliwakuta siku ya uposatha, yaani siku takatifu ya kukusanyika, wameweka bakuli la shaba lenye maji katikati yao, wakiwaomba walei watumbukize sarafu. Ila katika hayo 10 kuna moja ambalo wasomaji hulipita haraka, linaitwa anumati. Maana yake ni kwamba watawa wachache waendeshe shughuli rasmi ya Sangha, yaani jumuiya ya watawa, wenzao wakiwa hawajafika, kwa hesabu kwamba wakifika wataombwa waridhie. Baraza la watawa 700 likakaa, wakateuliwa wanne wa upande wa mashariki na wanne wa magharibi, hoja zikapitiwa moja baada ya nyingine. Jibu la anumati lilikuwa fupi: hairuhusiwi.

Someni tena hapo. Kilichokataliwa Vesali ndicho tunachofanyiwa sisi leo, hatua kwa hatua.

Na Vesali ilikuwa kitovu cha Wavajji. Ni watu walewale waliosifiwa na Buddha mwenyewe pale mfalme Ajatasattu wa Magadha alipomtuma waziri wake Vassakara kupeleleza kama wangeweza kushindwa vitani. Buddha alimgeukia mhudumu wake Ananda akamuuliza mambo saba kuhusu Wavajji, na la kwanza kabisa lilikuwa: je, wanakutana mara kwa mara na kwa wingi? La pili: je, wanakutana kwa umoja, wanatawanyika kwa umoja na kutimiza shughuli zao kwa umoja? Waziri alipoondoka, Buddha akawakusanya watawa akawapa mambo saba ya kuwafaa wao, akianza na hayohayo mawili. Vikao akaviweka mbele, kabla ya heshima kwa wazee, kabla ya kukaa msituni, kabla ya uangalifu wa akili.

Wapo wanaojitetea kwa ukimya. Ni kweli, Vinaya inautumia. Mtu akiomba kuingizwa utawani, hoja inasomwa, kisha tangazo linarudiwa mara 3, na kila mara inasemwa kwamba anayekubali anyamaze na asiyekubali aseme. Ukimya ule una uzito kwa sababu ya yaliyoutangulia. Akidi imetimia: watawa 4 kwa shughuli nyingi, 5 kwa pavarana (kikao cha mwisho wa mafungo ya mvua ambapo watawa huombana kuonyana), 10 kwa kumwingiza mtawa mpya katika eneo la kati la India ya kale, 20 kwa kumrejesha aliyemaliza kutumikia adhabu ya kosa zito. Kila mtawa aliye ndani ya mpaka wa eneo la kikao yupo, au kama anaumwa ametuma ridhaa yake kwa mwenzake. Hoja imetajwa kwa maneno yanayosikika. Nafasi ya kusema imetolewa, tena mara tatu. Na mmoja tu mwenye haki ya kukaa pale akipinga, jambo linasimama.

Kwa hiyo anayechukua ukimya na kuacha masharti yake, amechukua nusu ya sheria, tena ile nusu inayompendeza.

Mnaionaje, wakuu? Na kwenye jumuiya zenu mnafanyaje? Naomba kuwasilisha.

#2 Mwanafunzi wa Dhamma

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho. Hapo kwenye muhtasari pameniuma, maana kuandika "kauli moja" kwa watu waliokuwa kimya kwa amri ya kengele kunagusa kanuni ya nne kati ya zile tano za maadili ya Mbuddha, ya kutosema uongo.

Maswali mawili. Ajenda ilitumwa kabla? Na katiba yenu inasemaje kuhusu mali?

#3 Mleta mada

Ajenda haikutumwa. Katiba inataka mkutano mkuu ndipo mali iguswe. Wadhamini wanasema kikao kile cha kutafakari "kilihesabiwa" kuwa mkutano mkuu kwa kuwa watu walikuwa wengi.

#4 Mkongwe

Mleta mada, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu, lakini niruhusu nipinge.

Kwanza, yote uliyotaja ni ya watawa. Akidi, mpaka, hoja na tangazo, hakuna hata kimoja kinachomhusu mlei. Vinaya haikumpa mlei kura. Ukitaka kuitumia dhidi ya wadhamini wako, ambao nao ni walei, umeihamisha mahali pasipo pake.

Pili, usituletee picha kwamba Buddha alianzisha bunge. Zipo njia saba za kumaliza migogoro katika Vinaya, na kura ya wengi ni mojawapo tu, tena ya kukimbiliwa pale nyingine zimeshindikana. Kura ilipigwa kwa vijiti. Msimamizi wa vijiti alichaguliwa kwa sifa zake, na akiona upande usiofuata Dhamma, yaani mafundisho, umeshinda, aliruhusiwa kuitangaza kura ile kuwa imeharibika na kuirudia. Kama unasoma Vinaya, isome na hapo pia. Wingi wa watu haujawahi kuwa ndio ukweli.

Tatu, mafunzo yana daraja. Mimi nilipoingia nilikaa chini ya mwalimu, nikafuata. Sikuulizwa tukariri nini wala tuamke saa ngapi, na nilifaidika kwa kutoulizwa, kwa sababu mapendeleo yangu ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wenyewe. Mtu aliyekuja kujifunza kuachilia, kila asubuhi ukimuuliza anapendelea nini, unamlisha kile alichokuja kukiacha. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Nimeona vituo vikifa kwa vikao.

#5 Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kunipinga kwa hoja.

La vijiti ni kweli tupu, na nafurahi umelileta. Mimi siombi kura. Naomba hatua iliyo kabla ya kura: watu waambiwe jambo lingali bichi, wapewe nyaraka, wasikilizwe. Yule msimamizi wa vijiti alikuwa amechaguliwa na Sangha yenyewe, na watu walikuwa wamekusanyika mbele yake. Hakuhesabu vijiti vya watu ambao hakuwapa.

La walei nalipokea nusu. Kura hatukupewa, sauti tulikuwa nayo tangu mwanzo, na Vinaya imejaa ushahidi. Watawa walikuwa wakitembea msimu wa mvua wakikanyaga mimea michanga, watu wakalalamika, Buddha akaweka mafungo ya mvua, watawa wakae mahali pamoja msimu huo. Watawa kukusanyika siku za uposatha lilikuwa pendekezo la mfalme Bimbisara, ambaye hakuwa mtawa. Na kuna lile la Rahula, mwana wa Buddha, ambalo kila nikilisoma linanishika: mtoto aliingizwa utawani bila babu yake Suddhodana kuulizwa. Mzee akaenda kwa Buddha, akaeleza jinsi uchungu wa mwanawe kuondoka ulivyomkata, na sasa mjukuu. Akaomba watoto wasiingizwe tena bila ruhusa ya wazazi. Buddha hakumwambia akatafakari. Aliweka sheria, na sheria ile inafuatwa mpaka leo.

Halafu kisa cha mji wa Kosambi. Watawa waligawanyika, maelezo ya kale yanasema chanzo kilikuwa maji yaliyobaki kwenye chombo chooni, na Buddha mwenyewe alijaribu kuwapatanisha wakamkatalia, akaondoka akaenda zake msituni. Waliowarudisha kwenye akili ni walei: waliacha kuwasalimia, wakaacha kuwapa chakula. Njaa ikawapeleka mji wa Savatthi, alikokuwa Buddha, kwenda kuomba suluhu.

Kuhusu daraja, mwalimu wangu akinipangia saa ya kuamka naamka. Hilo ni funzo na nilimwendea kwa hiari. Hati ya nyumba ni jambo jingine. Viongozi wengi huingiza la pili ndani ya la kwanza, na mwanafunzi mwaminifu ndiye anayekuwa wa mwisho kugundua.

#6 Katibu Mstaafu

Niliwahi kukaa upande wa meza ile nyingine, naomba niseme na ya huko.

Kuna mambo hayaendi mbele ya wanachama wote. Mtu amekuja kwa siri kueleza alichofanyiwa na mwalimu. Huwezi kulisoma hilo ukumbini, utamuumiza mara ya pili. Kuna mishahara, magonjwa, na mazungumzo ya kununua ardhi ambayo yakivuja bei inapanda. Kamati inabeba haya usiku na mchana, haisifiwi, na inapokosea inashambuliwa na watu ambao mkutano wa mwaka hawakuhudhuria. Hilo nalo mlijue.

Ila nimeona pia jinsi usiri unavyoota mizizi. Unaanza na jambo moja la haki, kisha kamati inazoea. Ikishazoea, kuulizwa kunaanza kuonekana ni kukosewa adabu. Na hapo ndipo pa hatari, kwa sababu maovu makubwa yaliyotokea katika jumuiya za Kibuddha zama zetu hayakutokea kwa kukosa watu waliojua. Chukueni Rigpa, jumuiya ya Sogyal Rinpoche. Julai 2017 wanafunzi wake 8 wa muda mrefu waliandika barua yenye tuhuma za kupigwa, unyanyasaji wa kingono na anasa. Ripoti ya uchunguzi huru wa mawakili ilitoka Septemba 2018, na mojawapo ya iliyoyakuta ni kwamba wapo viongozi wa ndani waliojua angalau baadhi ya mambo hayo wakashindwa kuyashughulikia. Au San Francisco Zen Center: Shunryu Suzuki alimrithisha Richard Baker uongozi mwaka 1971, na mwaka 1983 jumuiya ikaingia kwenye mgogoro uliomwondoa. Baadaye kituo kikaweka ukomo wa muda kwa wakuu wake. Ilibidi waumie kwanza.

Ninachowashauri kamati ni hiki: hata jambo la siri lina sehemu isiyo ya siri. Unaweza kuwaambia wanachama kwamba lipo lalamiko, limepelekwa kwa mtu wa nje, jibu litatolewa tarehe fulani, na majina hayatatajwa. Watu wazima wanaelewa. Wasichoelewa ni kukuta mwalimu hayupo na hakuna aliyesema neno.

Kwa kisa cha mleta mada, sioni siri yoyote iliyowazuia wadhamini. Kuunganisha kituo na taasisi ni jambo la kuzungumzwa miezi kabla.

#7 Dada Mtafakari

Nakazia aliyosema katibu, halafu naomba tugeuze upande mwingine kidogo, maana mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kushauriana siku zote kuko upande wa haki.

Oktoba 2009, katika monasteri ya Bodhinyana kule Australia Magharibi, wanawake 4 waliingizwa katika utawa kamili wa bhikkhuni, Ajahn Brahm, mkuu wa monasteri hiyo, akiwa mmoja wa walioshiriki. Mwanzoni mwa Novemba wakuu wa Wat Pa Phong, monasteri mama ya mkondo wa mwalimu Ajahn Chah huko Thailand, wakaiondoa Bodhinyana katika orodha ya matawi yao. Lalamiko mojawapo lilikuwa hili tunalolijadili: lilifanyika kwa siri, wenzenu hamkuwashirikisha. Lakini fikirini mazingira. Thailand kulikuwa na agizo la tangu mwaka 1928 linalowakataza watawa kuwaingiza wanawake utawani. Ukienda kuomba ridhaa kwa wazee ambao jibu lao linajulikana, umeomba ruhusa ya kukataliwa.

Mwaka huohuo, Uingereza, watawa wa kike wa siladhara, daraja lililo chini ya bhikkhuni, katika monasteri za mkondo huo waliwekewa mambo matano ya kukubali kuhusu nafasi yao chini ya watawa wa kiume, na wengi walilalamika kwamba yaliamuliwa juu yao bila wao. Sikumbuki kusikia wazee wakilia kwa ajili ya mashauriano hapo kwa nguvu ileile.

Kwa hiyo swali langu kwa kila anayesema "tushauriane" ni: nani amekaa kwenye duara? Mimi nimekaa kwenye jumuiya ambako wanaume watano walishauriana vizuri sana, kwa upole na kwa uvumilivu, kuhusu mahali ambapo wanawake watalala wakati wa mafungo. Mlango wa chumba walichotupangia haukuwa na komeo. Yeyote kati yetu angeliona hilo kwa kutazama mara moja.

#8 Mwanafunzi wa Dhamma

Dada, hapo umenifungua. Mchango wa komeo natamani kila kamati iusome.

Swali la kweli: kwa Bodhinyana unaona walikosea au hawakukosea?

#9 Dada Mtafakari

Naona Sangha iliyokuwa pale ilikuwa na haki ya kuamua. Kwa Vinaya, shughuli inaendeshwa na watawa walio ndani ya mpaka wao, si na makao makuu yaliyo nchi nyingine. Hao ndio waliohusika na hao ndio waliokuwepo. Ila mkondo mzima uliumia, na maumivu yale nayo ni ya kweli. Nayashika yote mawili, siwezi kuachia moja.

#10 Mfuatiliaji

Uzi mzuri sana, hakuna matusi wala kejeli. Nimekaa hapa nasoma. Naomba mwenye uzoefu atueleze kwa vitendo, mashauriano yanaendeshwaje hasa bila kugeuka vurugu?

#11 Mratibu wa Mafungo

Nijaribu kwa ninayoyajua.

Jumuiya za Plum Village, zilizotokana na kituo alichoanzisha Thich Nhat Hanh Ufaransa mwaka 1982, wanafungua shughuli zao rasmi kwa maswali yanayoulizwa kwa sauti. Je, jumuiya yote imekusanyika? Je, kuna maelewano? Je, kuna asiyeweza kufika aliyeomba mwenzake amwakilishe? Jumuiya imekusanyika leo kwa sababu gani? Yanaonekana ni ya ibada tu mpaka siku ambayo jibu la swali la pili ni hapana. Tumeyachukua kwenye vikao vyetu vya walei, na mara moja mtu alijibu kwamba maelewano hayapo. Ajenda yote tukaiweka pembeni. Kikao kilichukua jioni nzima kwa jambo moja, na lilikuwa jambo dogo ambalo lilikuwa limeoza.

Swali la aliyeshindwa kufika ndilo ambalo vituo vingi hulisahau. Wagonjwa, wanaolea watoto wachanga, wanaofanya kazi zamu ya usiku, hao ndio wanaoamuliwa mambo wakiwa hawapo. Watawa wa kale walimtafuta mgonjwa kitandani wachukue ridhaa yake, na kama alishindwa hata kuitoa, walimbeba na kitanda chake mpaka kikaoni. Kama hawezi kubebwa, Sangha nzima ilimwendea. Sisi tuna simu mikononi na bado tunasema fulani hakuja.

Jingine: tenganisheni kutoa habari, kuomba maoni na kuomba ridhaa. Kamati ikisema mapema "hili tunawaarifu tu, limeshaamuliwa na lipo ndani ya madaraka yetu", watu hawachukii sana. Wanachukia wakiombwa maoni ambayo hayana pa kwenda. Na maoni yakikataliwa yajibiwe kwa maandishi, yametolewa hivi, tumeyaacha kwa sababu hii.

Halafu msiweke kikao kizito mara baada ya kutafakari. Watu wako laini mno wakati ule, wanakubali chochote. Ni kuwaonea.

#12 Mkongwe

Hilo la mwisho nalikubali bila ubishi. Aliyetoka kwenye utulivu usimtegee karatasi.

Nimerudi kuwasoma tangu jana. Mleta mada, la Rahula nililijua ila sikuwahi kulitazama kwa upande wa mzee Suddhodana. Limenisogeza. Bado nashikilia kwamba mafunzo hayapigiwi kura, na nakuomba usije ukaanza na hati ya nyumba ukaishia kumchagulia mwalimu maneno ya kufundisha.

Na swali ambalo hamjalijibu: mwanachama ni nani? Watawa walikuwa na mpaka, sima, unaoonekana kwa mawe na miti, aliye ndani anajulikana. Kituo cha walei mlango uko wazi. Kuna aliyekuja mara mbili akavutiwa na ukimya, kuna anayetoa sadaka kubwa na hatafakari kabisa, kuna mama anayefagia ukumbi tangu siku ya kwanza na hajawahi kujaza fomu. Ukisema "wanachama waulizwe", utawauliza wapi hao? Ukiweka ada ndiyo kigezo, umeuza sauti. Ukiweka miaka, umewafungia vijana. Ukiacha wazi, siku ya kikao mtu atakuja na marafiki zake thelathini.

#13 Katibu Mstaafu

Mkongwe amegusa penyewe. Mgogoro wetu ulianzia kwenye daftari la wanachama, wala haukuanzia kwenye uamuzi. Kila upande ulikuwa na daftari lake.

Tulichofanya baadaye: orodha inabandikwa hadharani na kufungwa siku 30 kabla ya mkutano mkuu, na anayehudumu kituoni anahesabiwa mwanachama hata kama hajalipa chochote. Yule anayefagia wa kwetu aliingia kwenye orodha wa kwanza. Wafadhili walinuna mwanzoni.

#14 Mleta mada

Wakuu wote, nawashukuru kutoka moyoni. Mzee Mkongwe, ahadi naitoa hapa mbele ya wote: maneno ya mwalimu sitayagusa.

Leo nimekaa na wenzangu kadhaa wa kituoni, wakiwemo wawili wanaoupenda muungano ule kuliko mimi ninavyouogopa. Tumeandika barua kwa wadhamini bila lugha ya vita. Tunaomba muhtasari usahihishwe, useme kwamba barua ilisomwa na hapakuwa na mjadala. Mkataba uwekwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma wote, pamoja na kifungu cha mali. Mkutano mkuu uitishwe kwa tarehe inayojulikana, usiwe siku ya kutafakari, na wasioweza kufika watafutwe mmoja mmoja kwa simu. Tumeongeza pia sentensi ya dada: kabla ya kikao, kamati itaje nani ataathirika na hayupo kwenye meza. Mtawa wetu tulimwonyesha kwa heshima tusije tukamzunguka. Alisoma taratibu, akasema mambo ya mali si yake kuamua, lakini yuko tayari kuja kukaa nasi siku hiyo kama msikilizaji.

Kwenye daftari ndipo tulipokwama. Wenzangu wanataka ada iwe kigezo, mimi nataka huduma ihesabike kama alivyosema katibu, na hatujaafikiana. Mwenye katiba ya jumuiya yake iliyoandika vizuri kifungu cha nani ni mwanachama, na kile cha ridhaa ya asiyehudhuria, naomba aviweke hapa hata kwa picha. Tunakutana tena Jumamosi kuviandika vya kwetu.